Yakobo Alikuwepo: Neno kwa Wababa Wenye Wake Wajawazito

Somo: Mwanzo 35:16–20

 Leo tunasema na wababa. Wamama msifunge redio, maana habari hizi ni zenu. Lakini tunamtazama baba, na hasa yule kijana ambaye mke wake amefika mwezi wa saba au wa nane, naye bado hajauliza swali hata moja.

Kisa cha somo letu mnakijua. Yakobo ametoka Betheli na jamaa yake yote, anakwenda Efrata, ndiyo Bethlehemu. Kabla hawajafika, Raheli anashikwa na uchungu, na uchungu ule unakuwa mzito. Mkunga yuko pale, anamtuliza asiogope, anamjulisha kwamba anapata mtoto mwanamume mwingine. Raheli anamwita mtoto Benoni, mwana wa huzuni yake, kisha anakata roho. Yakobo anambadilishia mtoto jina, anamwita Benyamini. Anamzika mke wake kando ya njia na kusimamisha nguzo juu ya kaburi.

Wahubiri wengi hupita hapa mbio, wana haraka ya kufika kwa Yusufu na ndoto zake. Sisi tukae kidogo. Huyu Yakobo ni mtu mkubwa, mwenye makundi ya kondoo na watumishi wengi. Angeweza kutangulia mbele na kuwaachia wanawake shida yao, halafu aletewe habari. Lakini Biblia inamwonyesha yupo. Anajua jina ambalo mke wake alilitoa katika pumzi ya mwisho, na kaburi analiwekea alama yeye mwenyewe. Tena huyu ndiye yule wa sura ya 30, aliyemkasirikia Raheli alipolia kwamba hana mtoto. Miaka ile alijibu kwa ukali. Njiani Efrata hatusikii ukali wowote.

Na tuseme kweli: Raheli alikufa, ingawa mume alikuwepo na mkunga alikuwepo. Hatuwaahidi leo kwamba baba akiwepo hakuna mama atakayekufa. Tunasema kwamba wako wamama wengi wanaokufa katika nchi yetu ambao hawakupaswa kufa, na kwamba katika vifo vingi kuna saa fulani ambapo mume angeweza kufanya jambo, naye hakulifanya. Uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2013–2014 ulihesabu vifo vya wamama 846 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Fanyeni hesabu wenyewe: ni zaidi ya mama 8 katika uzazi 1,000. Kanisa lenye wamama wengi linajua hesabu hiyo bila kuandikiwa, maana linakwenda kwenye matanga.

Sasa, neno hili, "kuzaa ni mambo ya wanawake," tumelitoa wapi? Sehemu moja ni ya wazee wetu wa kijijini, ambako mwanaume hakukaribia nyumba ya uzazi. Hatuwadharau, mama alizungukwa na shangazi, dada na bibi, hakuwa peke yake. Lakini sisi watu wa mji wa shaba tuna chanzo kingine, nacho ni kampuni.

Tangu miaka ya 1920 Union Minière ilianza kuwaleta wafanyakazi pamoja na wake zao wakae kambini, isiwe kila siku inatafuta watu wapya vijijini. Ikajenga maternite, ikapima watoto kwa kilo, ikagawa chakula. Ilitaka watoto wazaliwe, kwa sababu wangekuwa wafanyakazi wa kesho. Gécamines ilipokuja baada yake ikaendelea hivyo hivyo. Wazee wetu wa Kolwezi wanakumbuka: mke wa mfanyakazi alifika hospitali ya kampuni, akataja namba ya kazi ya mume wake, mlango ukafunguka. Baba alikuwa chini ya ardhi Kamoto au kwenye kiwanda cha Luilu, na namba yake ndiyo iliyomsindikiza mama. Watu wakasema kampuni ni baba na mama. Profesa Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi aliandika kitabu juu ya jamaa za wafanyakazi wa Katanga tangu 1910 hadi 1997, na jina la kitabu lile linawaita watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Baba anayesemwa pale, kwa sehemu kubwa, ni kampuni.

Basi kampuni ilianguka. Mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa mpango ule wa kuondoka kwa hiari, na namba zao hazikufungua tena mlango wowote. Leo vijana wengi ni wachimbaji wa mkono, au wanafanya kazi ya siku kwa wakandarasi, au wanasafisha na kuuza mawe. Lakini desturi ya kusema "mimi kazi yangu ni kuleta pesa, mengine yatajipanga" imebaki nyumbani mwetu kana kwamba kampuni ingalipo. Hayajipangi, wapendwa. Pale ambapo namba ya kazi ilisimama, leo panatakiwa mtu asimame, na mtu huyo ni mume.

Mwaka 1994 wataalamu wawili, Sereen Thaddeus na Deborah Maine, walieleza kwamba mama mwenye shida ya uzazi hukutana na kuchelewa kwa namna tatu. Kwanza kuchelewa nyumbani, watu wanapojadiliana kama aende au asiende. Pili kuchelewa njiani. Tatu kuchelewa hospitalini kwenyewe, kwa kukosa daktari, damu au dawa. Ule wa tatu ni mzigo wa serikali na wakuu wa hospitali, nasi tunawaombea na kuwadai. Lakini ule wa kwanza na wa pili viko mikononi mwetu.

Tazameni jinsi unavyotokea hapa kwetu. Ni saa nane za usiku, mtaa wa Kasulo. Mama ameanza kutoka damu, na uchungu wenyewe haujafika. Mume yuko zamu ya usiku, au yuko ndani ya shimo, simu haipatikani. Pesa iko kwenye sanduku na ufunguo uko mfukoni mwake. Mama mkwe yupo, jirani yupo, dada wa kanisa yupo, na wote wanasema, "Tungojee mwenye nyumba aje." Hakuna aliye mbaya hapo. Wanangoja kwa heshima. Na damu haingoji.

Kwa hiyo, baba, ondoa neno lile la kungoja kabla usiku huo haujafika. Mwambie mke wako mbele ya mama yako, mbele ya dada zako, kwa sauti: "Ukiona damu, nenda. Ukiumwa kichwa sana na macho kuona giza, nenda. Ukivimba uso, ukipata homa, maji yakivunjika, mtoto akiacha kucheza tumboni, nenda. Usinitafute kwanza." Na wale wanaodhani sheria inamzuia mke: sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mwanamke aliyeolewa apate ruhusa ya mume kwa mambo mengi ya sheria, lakini ilirekebishwa tarehe 15 Julai 2016, na ruhusa ile ikaondolewa. Daktari akisema mama apasuliwe sasa, na mama amekubali, asiwepo mtu wa kusema tusubiri sahihi ya bwana wake.

Tunafika mahali pagumu, na tumekubaliana kati yetu wachungaji wa redio hii kwamba tutapasema bila kuficha. Kuna jambo linalofanyika katika nyumba za waamini. Mama akikaa katika uchungu muda mrefu, mtoto hashuki, wanaanza kumhoji. "Taja. Mtoto ni wa nani? Ungama, mtoto atoke." Mume mwenyewe ndiye anayeuliza, au anamtuma mama yake, au, nasi tunaona haya kulisema, anaita kikundi cha maombi kije kuuliza. Mama amechoka, ana kiu, nyonga yake ni nyembamba au mtoto amelala vibaya, naye anatakiwa ataje majina ya wanaume.

Turudi kwa Raheli. Mnakumbuka kwamba alikuwa na jambo la kuungama kweli. Katika Mwanzo 31 aliiba miungu ya baba yake Labani, akaificha chini ya tandiko la ngamia, akaikalia, akadanganya. Na Yakobo, bila kujua, alitamka kwamba atakayekutwa nayo hataishi. Basi kama kungekuwa na uzazi wowote katika Biblia ambapo mtu angesimama kumhoji mama, ndio huu. Wapo wanaofundisha kwamba alikufa kwa sababu ya kiapo kile. Someni sura ya 35 yote, mtafute mstari unaosema hivyo, hamtauona. Mnachokiona ni mkunga, akiwa kando ya mwanamke mwenye siri ile moyoni, akimwambia asiogope. Hamuulizi kitu, na Yakobo hamuulizi kitu. Ikiwa Roho Mtakatifu aliruhusu iandikwe hivyo, kikundi cha maombi cha Kolwezi kimepata wapi ruhusa ya kuongeza mahojiano?

Kwa hiyo tunatoa neno hili kwa makanisa yanayotusikiliza: ndugu yeyote akiitwa kwenda kumwungamisha mama aliye katika uchungu, asiende kwa kazi hiyo. Aende kutafuta pikipiki.

Na la pili linafanana na hilo. Mtoto akizaliwa na kilema, kidole kikomavu au mdomo uliopasuka au jambo zito zaidi, vidole vya watu vinamwelekea mama: amevunja mwiko, amelogwa, ametembea. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven na Ghent, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi walioufanya Lubumbashi. Waliwalinganisha watoto waliozaliwa na vilema vinavyoonekana na watoto waliozaliwa bila vilema, wakauliza habari za wazazi. Jambo lililojitokeza kwa nguvu kuliko mengine lilikuwa kazi ya baba katika migodi. Hiyo haimaanishi kwamba kila mchimbaji atazaa mtoto mwenye kilema. Wengi wetu ni watoto wa wachimbaji na tumesimama hapa. Lakini inatosha kumnyamazisha mume anayemnyooshea mke wake kidole huku yeye anaingia nyumbani na vumbi la kobalti kwenye suruali. Nguo za kazi zivuliwe nje. Oga kabla hujalala kando ya mwenye mimba. Usimpe mke nguo hizo azifue kwa mikono, na mifuko ya mawe isilale chumbani. Hii nayo ni kumsaidia mke katika uzazi, na inaanza miezi tisa kabla.

Sasa wengine watasema: "Wachungaji, mmegeuka wahubiri wa hospitali; imani iko wapi?" Tuwajibu kwa habari ya mtu wa nyumba yetu ya Kipentekoste. Denis Mukwege alizaliwa Bukavu mwaka 1955, baba yake akiwa mchungaji wa Kipentekoste. Akiwa mtoto alifuatana na baba yake kumwombea mtoto mgonjwa, akamuuliza kwa nini ameomba tu asitoe dawa. Baba hakukasirika. Alimweleza kwamba kazi yake ni kuomba, na dawa ni kazi ya daktari. Kijana akaamua: baba ataomba, mimi nitatoa dawa. Baadaye, katika hospitali ya Lemera, aliona wamama wakifika wamechelewa, wengine wamebebwa safari ndefu, akaenda Ufaransa kujifunza udaktari wa uzazi. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 chini ya jumuiya ya makanisa ya Kipentekoste ya CEPAC, ilikusudiwa kwanza iwe mahali pa wamama kuzalia salama. Vita ndivyo vilivyoijaza wanawake waliobakwa. Mwaka 2018 mtoto yule wa mchungaji alipewa tuzo ya Nobeli ya Amani. Baba aliomba na mwana alishona majeraha, na hatujasikia kwamba mmoja alimwona mwenzake hana imani.

Ombeni, basi, wababa. Ombeni mkiwa kwenye benchi la maternite, si mkiwa nyumbani mkingoja simu.

Na kabla ya benchi kuna kazi. Mke anapoanza kwenda kupimwa mimba, ile tunayoiita CPN, nenda naye hata mara moja au mbili. Utaona aibu kuwa mwanaume peke yako kati ya wamama hamsini. Aibu hiyo haiui. Pale utasikia kwa masikio yako tarehe inayokadiriwa, utajua kama damu yake ni chache, kama mtoto amekaa vizuri, nawe utapimwa pamoja naye. Utajua pia kama mkunga amesema mama huyu asizalie kituo kidogo, aende hospitali kubwa. Habari hiyo wengi wanaipata siku ambayo haina tena faida.

Pesa iwekwe kidogo kidogo, hata franga za siku moja ya kazi kila wiki, na mke ajue ilipo na aweze kuichukua. Serikali ilizindua uzazi wa bure Kinshasa mwezi Septemba 2023, nasi tunashukuru. Lakini hata pale ambapo uzazi ni bure, usafiri wa usiku, chakula, vikwembe na nguo za mtoto havitoki kwenye bajeti ya serikali. Sote tumesikia habari za wamama waliozuiliwa hospitalini na watoto wao kwa deni, mume akiwa ametoroka kwa sababu hana la kujibu. Ndugu, usitoroke. Baba asiye na franga aliyekaa kitako mbele ya karani, akaomba alipe kidogo kidogo, ana heshima kuliko aliyezima simu. Na kanisa litamsikia upesi zaidi yule aliyekaa.

Tafuta mwenye pikipiki au gari anayelala karibu, mpatane bei mchana, namba yake iandikwe ukutani kwa herufi kubwa, si ndani ya simu yako tu. Tafuta pia ndugu wawili au watatu wenye afya watakaokubali kutoa damu. Damu yako, baba, huenda wasimtie mke wako, madaktari wana sababu zao. Lakini ikiingia benki ya damu itamfaa mama mwingine, na ya mwingine itamfaa wako. Tulitamani kila idara ya wababa kanisani iwe na orodha ya watoa damu kama ilivyo na orodha ya wapiga gitaa.

Je, baba aingie chumba cha uzazi? Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwamba kila mama awe na mtu wa kumsindikiza katika uchungu, mtu aliyemchagua yeye mwenyewe. Aliyemchagua yeye. Wengine watamtaka mume, wengine watamtaka mama yao mzazi, na mume asinune. Tena maternite zetu nyingi zina vitanda vilivyobanana bila pazia, na mkunga akikwambia ukae nje analinda uchi wa wamama wengine, hakufukuzi. Kaa nje, lakini kaa. Dawa ikitakiwa usiku, wewe ndiye mwenye miguu. Mama akiuliza, "Baba fulani yuko?" mkunga aweze kujibu, "Yuko mlangoni."

Mwenye ajira asije na udhuru wa kazi. Sheria ya kazi ya nchi yetu, ya mwaka 2002, inampa mfanyakazi siku 2 za kazi za ruhusa mke wake anapojifungua. Ni chache, lakini ni zako. Zitumie nyumbani, usiende nazo kunywesha marafiki. Katika siku hizo chota maji, pika bukari. Jirani akikucheka umeshika mwiko, mpe naye kazi ya kuchanja kuni. Kisha angalia kama mama anatoka damu nyingi au ana homa, maana wengi hufa mtoto akiwa ameshazaliwa na wageni wanaimba sebuleni. Zile wiki sita za kwanza usimdai kitanda.

Baki kazi moja ya mwisho, nayo ni nyepesi. Katika Mathayo 1 Yosefu ndiye aliyempa mtoto jina, na Yakobo naye tumemwona akilitoa jina la Benyamini. Sheria inakupa siku 90 tangu mtoto azaliwe kwenda kumwandikisha komini, Dilala au Manika, bila malipo. Chukua karatasi ya maternite, chukua kadi yako na ya mama, uende asubuhi mapema kabla mstari haujawa mrefu.